Nani aulizwe, lini, na jibu linarudi wapi: sera za kazi kwenye kampasi za Kigoma na Tabora

Waraka umeandikwa Dar es Salaam, umesainiwa, umeskaniwa na kutumwa kwa Mkuu wa Kampasi Kigoma Alhamisi jioni. Utekelezaji unaanza Jumatatu. Mkuu wa Kampasi anautupia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi na kuongeza maneno mawili: "kwa utekelezaji". Ijumaa asubuhi korido nzima haina mazungumzo mengine. Wahadhiri wanasema hawakushirikishwa. Makao makuu yanajibu kwamba Baraza la Wafanyakazi lilikaa na kuridhia. Mjumbe wa kampasi kwenye Baraza hilo anasema rasimu hakuiona, maana siku ya kikao nauli yake ilikuwa bado iko kwa mhasibu. Na huenda katika wote hao hakuna hata mmoja anayesema uongo.

Mkanganyiko wa namna hii huwa mkali zaidi kwenye kampasi za magharibi kwa sababu ya umbali. Kwa reli ya kati, Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na Tabora iko njiani. Makao makuu hayaoni sura za watu waraka unaposomwa, na watu hawaoni mjadala uliouzaa waraka. Lakini umbali peke yake hauleti mgogoro. Mgogoro huja pale kitendo kimoja kinapopewa jina la kingine: watu wamearifiwa, kisha wakaandikiwa kwenye muhtasari kwamba wameshauriwa.

Ngazi nne

Kuna vitendo vinne ambavyo vyote kwenye mazungumzo ya kawaida huitwa "kushirikishwa", na kila kimoja kina uzito wake kisheria.

Cha kwanza ni kuarifu. Uamuzi umeshafanyika, mfanyakazi anapewa habari kwa wakati na kwa lugha anayoielewa. Hapa mwajiri hadaiwi kusikiliza maoni, anadaiwa kuthibitisha kwamba habari imefika. Cha pili ni kushauriana: uamuzi bado haujafanyika, rasimu ipo, maoni yanachukuliwa, na mwajiri anabaki na haki ya kuamua kinyume na maoni hayo ilimradi aeleze sababu. Cha tatu ni majadiliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa, na matokeo yake ni mkataba wa hali bora za kazi unaozifunga pande zote mbili. Cha nne ni kuamua pamoja kwenye chombo ambacho wafanyakazi wana viti na kura.

Mwajiri akitaka kuarifu tu, aarifu tu, na aseme hivyo. Waraka wa Serikali ukishatoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, chuo cha umma hakina mamlaka ya kuukataa, na kuitisha kikao cha "kukusanya maoni" kuhusu jambo lisilobadilika ni kupotezeana muda. Mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji, ulioingia mahali pa OPRAS, ni mfano. Hakuna idara ya chuo iliyokuwa na uwezo wa kusema "sisi hatuutaki". Lakini namna malengo ya mkutubi yanavyoandikwa, nani anamfundisha fundi sanifu wa maabara kuingia kwenye mfumo, na kompyuta ipi atatumia dereva asiye na ofisi, hayo yote yalikuwa ya kushauriana, na kwenye mambo hayo ndiko kelele zinakotokea. Kanuni nzuri ya kazi ni kuutenganisha waraka sehemu mbili tangu mwanzo: haya yameamuliwa nje ya chuo, haya tunaweza kuyapanga wenyewe.

Sheria inasema nini hasa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamhusu mwajiriwa wa chuo binafsi na wa chuo cha umma pia. Iliowaacha nje ni Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. (Namba za vifungu katika makala haya ni za Sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Anayetumia toleo la sheria lililofanyiwa urekebu aangalie namba upya kabla ya kuziweka kwenye barua.)

Kifungu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha 15. Kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake: kazi, mahali, saa, mshahara na mengineyo. Jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri anatakiwa ayarekebishe maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Asiyeelewa maandishi aelezwe kwa namna atakayoelewa. Maana yake kwa chuo ni kubwa. Sera inayobadilisha saa za kazi au kituo cha kazi haiishii kwenye Baraza la Chuo. Inagusa faili la kila mtu mmoja mmoja. Chuo kinaweza kuwa na sera safi iliyopita ngazi zote, kisha kikashindwa mbele ya msuluhishi kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mhudumu wa ofisi fulani aliwahi kuelezwa saa zake mpya. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri.

Kifungu cha 67 kinakipa haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee chama kilichosajiliwa chenye wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi. Kikishatoa taarifa rasmi ya kutaka kutambuliwa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili waingie mkataba wa kutambuana. Kwenye vyuo vikuu vyama vinavyopatikana mara nyingi ni RAAWU (cha watafiti, wanataaluma na wafanyakazi wenzao) na THTU (cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu), na wakati mwingine vyote viwili vina wanachama chuo kimoja. Hapo hesabu inafanywa kwa fomu za makato, TUF 6, siyo kwa mahudhurio ya mkutano wala kwa fulana za Mei Mosi. Kampasi ya Kigoma ikihesabiwa pamoja na makao makuu kama kundi moja, fomu zake chache zinaweza kuamua nani anakaa mezani. Kwa hiyo katibu wa tawi anayeweka fomu kwenye droo badala ya kuzipeleka anajinyima mwenyewe.

Kifungu cha 70 kinamlazimisha mwajiri kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Vilivyoachwa nje ni vinne: taarifa iliyo na kinga ya kisheria, ile ambayo kuitoa ni kuvunja sheria au amri ya mahakama, ile ya siri ambayo ikitoka italeta madhara makubwa kwa mwajiri au mfanyakazi, na taarifa binafsi za mfanyakazi asiyeridhia. Jibu la "hiyo ni siri ya chuo" halitoshi bila kuonyesha siri hiyo iko katika kundi lipi. Nacho chama kinachoomba "taarifa zote za fedha" kinajichelewesha. Ombi linalojibika hutaja kitu: idadi ya vipindi kwa kila mhadhiri wa kampasi kwa mihula miwili iliyopita, fungu la posho ya muda wa ziada lililoidhinishwa na lililotolewa, orodha ya nafasi zilizo wazi kwenye ikama (idadi ya wafanyakazi iliyoidhinishwa).

Kisha kuna kifungu cha 73, kinachoruhusu mwajiri na chama kilichotambuliwa kuunda kwa mkataba chombo cha ushirikishwaji mahali pa kazi. Kwa taasisi za umma Baraza la Wafanyakazi linasimama pia juu ya Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma Na. 19 ya mwaka 2003, na asili yake ni ya zamani zaidi: Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970. Wanaodhani mabaraza haya yaliletwa na wafadhili wa miaka ya karibuni wanakosea kwa miongo kadhaa.

Vyombo vinavyochanganywa

Baraza la Chuo siyo Baraza la Wafanyakazi, ingawa kwenye simu mtu akisema "Baraza limepitisha" huwezi kujua ni lipi. La kwanza ndilo mamlaka ya juu ya chuo, linapitisha sera, kanuni za utumishi na bajeti. La pili ni chombo cha ushirikishwaji. Mwenyekiti wake kwa kawaida ni mtendaji mkuu mwenyewe, wajumbe ni menejimenti, viongozi wa chama na wawakilishi wa idara, na linachotoa ni ushauri. Seneti inashughulika na taaluma: mitaala, mitihani, upandishaji wa viwango vya ufundishaji. Jumuiya ya wanataaluma, ambayo vyuo vingi vinayo, inaweza kuwa na sauti kubwa kuliko chama lakini si chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, na haiwezi kusaini mkataba wa hali bora.

Yapo mambo yanayokaa katikati, na hayo ndiyo yanayozua ugomvi wa nani aulizwe. Mzigo wa vipindi ni mmoja wapo. Idadi ya saa za kufundisha kwa juma ni jambo la taaluma, lakini pia ni saa za kazi na malipo. Menejimenti ikiipeleka rasimu Seneti peke yake, waendeshaji na mafundi wa maabara, ambao kazi yao inaongezeka kila vipindi vinapoongezeka, hawatasikika. Ikiipeleka Baraza la Wafanyakazi peke yake, maamidi wa vitivo watasema taaluma imeingiliwa. Ipitie kote, Seneti kwanza. Mapendekezo ya UNESCO ya mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu nayo yanawapa wanataaluma nafasi katika uendeshaji wa taasisi zao. Hayana nguvu ya sheria za nchi, ila ni hoja nzuri ya kuweka mezani.

Kwenye tawi lenyewe, watu wengi hawajui haki yao ya idadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini (kifungu cha 62) inakipa chama mwakilishi 1 kwa wanachama 1 hadi 9, wawakilishi 3 kwa wanachama 10 hadi 20, 10 kwa wanachama 21 hadi 100, na 15 kwa zaidi ya 100, na hapo angalau 5 wawakilishe wanawake kama wamo. Kampasi yenye wanachama 40 ikiwa na mwenyekiti na katibu tu imeacha viti vinane wazi, na kwa kawaida viti hivyo ni vya mlinzi, dereva na mhudumu.

Rasimu moja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mfano wa kubuni: chuo chenye makao makuu Dar es Salaam kinataka mashine za alama za vidole kwa mahudhurio, na kampasi yake ya Kigoma ina wafanyakazi 64. Kwa nini mfano huu? Kwa sababu unaonyesha mambo ambayo hakuna mtu wa makao makuu angeweza kuyajua bila kuuliza.

Rasimu inasema wahudumu wa usafi waguse mashine saa 12:30 asubuhi. Dar es Salaam mwezi Julai muda huo jua liko karibu kuchomoza. Kigoma, kwa kuwa iko karibu digrii 10 magharibi zaidi na saa ya nchi ni moja, jua huchelewa kwa takriban dakika 40. Saa 12:30 ya Julai ni giza, na jua lenyewe halitoki mpaka saa 1:00 imepita. Mhudumu anayetembea kutoka maeneo ya Mwanga au Ujiji atakuwa njiani usiku. Rasimu inasema pia mashine ifungwe getini. Mhadhiri anayesimamia wanafunzi wodini kwenye hospitali ya Maweni tangu asubuhi hapiti getini siku hiyo. Mfumo utamwandika mtoro. Na vidole: anayeshika sabuni kali, saruji au kemikali za maabara kila siku, mistari ya ngozi yake hufifia, mashine humkataa mara tatu, foleni inarefuka nyuma yake. Hizo ni hoja tatu za kiutendaji, wala hakuna hata moja iliyo ya kupinga sera.

Ya nne ni ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibaiometriki kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo rasimu lazima ijibu: alama zinahifadhiwa wapi, kampasini au kwa mzabuni? Nani anazifungua? Zinafutwa lini mtu akiacha kazi? Chuo kimejisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Menejimenti isiyo na majibu haya haijawa tayari kushauriana.

Sasa mwendo wenyewe. Afisa Rasilimali Watu anaandaa vitu viwili: rasimu kamili, na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili unaoeleza nini kinabadilika, kwa nani, kuanzia lini, na nini hakibadiliki. Ule muhtasari ndio unaosomwa. Rasimu ya kurasa 30 kwa Kiingereza itasomwa na mwanasheria na watu wachache wasiozidi vidole vya mkono. Vinatumwa kwa barua pepe, vinabandikwa ubaoni, na nakala tatu zilizochapwa zinawekwa masijala, chumba cha walinzi na gereji. Barua ya kufunikia inasema wazi hii ni ngazi ipi: "Mnaombwa maoni, uamuzi utafanywa na Baraza la Chuo katika kikao chake kijacho."

Muda wa maoni usipungue siku 21, na usiangukie juma la mitihani wala likizo ndefu. Siku 7, ambazo ndizo zinazotolewa mara nyingi, zinatosha kwa watu wenye ofisi na intaneti. Kwa tawi linalotakiwa kuitisha kikao, kupata akidi, kuandika na kusaini, hazitoshi.

Katika siku hizo vinafanyika vikao vitatu vifupi badala ya kimoja kikubwa: wanataaluma peke yao, waendeshaji na mafundi peke yao, kisha walinzi, madereva na wahudumu. Kikao kimoja cha wote kinaonekana cha kidemokrasia, lakini atakayesimama kusema ni mhadhiri mwandamizi, na mhudumu hatainua mkono mbele ya anayemsainia likizo. Kwa kundi la tatu kikao kiwe saa za kubadilishana zamu ili waliotoka na wanaoingia wote wawepo. Walinzi na wahudumu wa kampuni ya wakala si wafanyakazi wa chuo kwa mkataba, na hapo vyuo hutofautiana. Kama mashine itawahusu, waitwe, lakini mwajiri wao naye aandikiwe.

Maoni yote yanaingia kwenye jedwali lenye safu nne: kifungu cha rasimu, maoni, jibu la menejimenti, sababu. Ukiondoa karatasi zote za zoezi hili na kubakiza moja, bakiza hilo jedwali. Safu ya nne ndiyo inayotenganisha kushauriana na kupigia muhuri. "Imezingatiwa" siyo jibu. "Imekataliwa: mashine ya pili jengo la maabara haimo kwenye bajeti ya mwaka huu, itaombwa mwaka ujao" ni jibu, hata kama halipendezi. Jedwali linarudishwa kampasini kabla ya kikao cha Baraza la Wafanyakazi, siyo baada, na mjumbe wa kampasi analibeba.

Mjumbe huyo naye awe na nauli. Hapa ndipo ushirikishwaji mwingi unapofia, kwenye kifungu cha bajeti ambacho hakuna aliyekiandika. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na makadirio yanakusanywa miezi mingi kabla. Kampasi isiyoweka gharama za wajumbe wake kwenye makadirio hayo itaambiwa mwezi Machi kwamba hakuna fungu. Kujiunga kwa video kunasaidia, mradi mjumbe awe na rasimu mkononi siku tano kabla na mwenyekiti ampe nafasi ya kusema kwa jina. Mjumbe anayesikiliza kwenye simu ya mfukoni huku sauti ikikatika ameandikwa "amehudhuria", na hilo ni baya kuliko kuandikwa hayupo.

Baada ya Baraza la Wafanyakazi, rasimu inapita menejimenti, kamati husika, kisha Baraza la Chuo. Kwa chuo cha umma, lolote linaloongeza posho au kubadili muundo wa utumishi haliishii hapo. Linahitaji vibali vya Serikali, Utumishi au Msajili wa Hazina kulingana na jambo lenyewe. Afisa anayetangaza posho mpya siku Baraza la Chuo lilipoipitisha anajitafutia madeni ya lawama.

Tarehe ya kuanza iwekwe angalau siku 30 baada ya tangazo, na wiki mbili za mwanzo ziwe za majaribio yasiyo na adhabu. Kila mfanyakazi anasaini kwamba amepokea na ameelezwa. Nakala inaingia kwenye faili lake. Anayekataa kusaini asilazimishwe: mashahidi wawili wanaandika kwamba alipewa tarehe fulani.

Muhtasari wa kikao

Tabora ndiko kilikokuwa Chuo cha Uhazili, kilichofunda vizazi vya makatibu muhtasari, na Chuo cha Utumishi wa Umma bado kinaendeleza fani hiyo mjini humo. Inashangaza basi kuona kikao kizito kikiachiwa mtu anayeandika mstari mmoja: "Wajumbe walijadili na kuridhia." Mstari huo haumlindi mtu yeyote. Mfanyakazi hawezi kuonyesha kwamba alipinga, na menejimenti haiwezi kuonyesha kwamba ilieleza.

Muhtasari unaofaa una orodha ya waliokuwapo na waliotuma udhuru, akidi inayotakiwa na iliyopatikana, hoja zilizotolewa na upande uliozitoa (si lazima jina), jibu lililotolewa, uamuzi, mtekelezaji na tarehe. Uende kwa wajumbe ndani ya siku 14. Kikao kinachofuata kinaanza na yatokanayo, yaani mambo yaliyoachwa na kikao kilichopita, na hapo mwenyekiti wa tawi asimame na orodha. Yatokanayo yasiyofuatiliwa vikao viwili mfululizo yamekufa, na wengine hutegemea hivyo.

Chuo binafsi, na pale kazi zinapopungua

Tabora ina chuo kikuu kishiriki cha kanisa, AMUCTA, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na nchi nzima vyuo binafsi vinaishi kwa ada za wanafunzi. Tunazungumza sasa kwa ujumla: udahili ukishuka, mshahara unakuwa mgumu, na wazo la kupunguza wafanyakazi linakuja. Hapa kushauriana ni amri ya sheria. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane kuhusu mambo matano: sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Anashauriana na chama kilichotambuliwa, chama kingine kilichosajiliwa chenye wanachama pale, na wafanyakazi wasio na chama.

Kosa la kawaida liko kwenye maneno "mara tu anapoanza kufikiria". Mwajiri anakaa na bodi, anachagua majina, anaandika barua, halafu anaita kikao. Barua zikiwa zimeshaandikwa kabla ya kikao, tarehe zake zitamsuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kosa la upande wa pili ni wafanyakazi kugoma kuja kikaoni kwa hasira. Wakisusa, mwajiri atathibitisha kwamba aliita, na mapendekezo yao ya kupunguza saa, likizo bila malipo kwa hiari au kuhamishia watu kwenye programu nyingine hayataandikwa popote. Nendeni, semeni, mwandikiwe.

Chuo kisicho na tawi la chama nacho hakijaachwa. Wafanyakazi wanaweza kuchagua wawakilishi wa muda kwa jambo hilo moja, kwa kikao chenye orodha ya mahudhurio na saini. Vilevile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka wawepo wawakilishi wa usalama na afya, chama kiwepo kisiwepo. Kwa maabara na karakana hilo ni la kuanzia.

WhatsApp, ubao na barua

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kukumbusha na baya kwa kutangaza. Ujumbe unazikwa chini ya salamu za rambirambi na michango ya harusi ndani ya saa mbili, asiye na simu janja hayumo, aliyezima sauti hajui, na hakuna anayeweza kuthibitisha nani aliusoma. Barua pepe ya chuo inafika kwa wahadhiri. Madereva wengi hawajawahi kuifungua. Ubao wa matangazo bado unafanya kazi, kama karatasi ina tarehe ya kubandikwa, tarehe ya kuondolewa na saini ya aliyebandika. Tumia vyote vitatu, ila uteue kimoja kuwa rasmi na kukitaja kwenye kanuni za utumishi. Ubishi wa "sikuiona" huishia hapo.

Inaposhindikana

Mfanyakazi au tawi linaloona halikushauriwa lianze kwa barua kwa Mkuu wa Kampasi, nakala kwa Afisa Rasilimali Watu makao makuu, ikitaja kifungu, tarehe na kinachoombwa. Ipelekwe masijala na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua iliyopewa mtu mkononi korido haipo. Kwa mfanyakazi wa chuo binafsi, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Unaohusu uhalali wa kuachishwa, ndani ya siku 30. Kwa mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, lazima kwanza amalize njia za ndani ya sheria hiyo, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugeukia sheria za kazi. Wapo waliokwenda CMA moja kwa moja wakiwa na hoja nzuri, wakarudishwa mlangoni kwa kukosea njia. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, angalia barua ya ajira imesainiwa na mamlaka gani, na uhesabu siku kuanzia tarehe iliyo kwenye ule muhuri wa masijala.